Usafi, Kujificha na Uraia: Kusoma Upya Kitabu cha Liisa Malkki Juu ya Wakimbizi wa Mishamo

Kitabu cha Liisa Malkki kiitwacho Purity and Exile kilichapishwa Chicago mwaka 1995, na kwa muda mrefu sasa tumekuwa tukikitumia katika masomo ya maadili ya jamii na ya diakonia kila tunapofika kwenye suala la wakimbizi. Hapa tunakusudia kukisoma upya. Sababu yetu si kwamba kitabu kimesahauliwa, bali kwamba kimesomwa vibaya, nasi tunakiri kuwa tumo katika kundi hilo la wasomaji wabaya. Watu ambao Malkki aliwaandika kama wakimbizi, wengi wao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Mchungaji anayewaendea na picha aliyoipata kitabuni atawakuta wengine kabisa. Na mchungaji anayewaendea bila kujua lolote lililomo kitabuni atawaumiza.

Tukumbushe kwanza mambo yenyewe. Mwishoni mwa Aprili 1972 yalizuka maasi kusini mwa Burundi, na jeshi la nchi hiyo likalipiza kwa kuwaua Wahutu, hasa walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji na kila aliyedhaniwa kuwa na elimu. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kupanda hadi 200,000 na zaidi. Waliokimbilia Tanzania walipelekwa katika makazi matatu makubwa: Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule. Mishamo ndiyo ya mwisho, ilifunguliwa mwaka 1978. Makazi hayo yaliendeshwa kwa ubia wa Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na Huduma ya Kikristo ya Wakimbizi Tanganyika (TCRS), ambayo iliundwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Msomaji aiweke akilini nukta hii ya mwisho, maana tutairudia.

Malkki alifanya utafiti wake mwaka 1985 na 1986 katika sehemu mbili, Mishamo na mjini Kigoma. Alichokigundua kinaelezeka kwa maneno machache, ingawa yeye amekieleza kwa ukurasa mwingi na kwa ustadi. Huko Mishamo, wakimbizi walikuwa wamejitungia historia ya pamoja, ambayo yeye anaiita historia ya kivisasili: jinsi nchi ilivyokuwa hapo mwanzo, jinsi Watutsi walivyoingia na kuipora kwa hila, jinsi damu ilivyomwagika mwaka 1972, na jinsi uhamisho ulivyo shule ya kuwatayarisha watu kwa kurudi. Katika simulizi hiyo kuwa mkimbizi hakukuwa aibu. Kulikuwa ni heshima na aina fulani ya usafi, na aliyeacha kuwa mkimbizi kwa kuoa mwenyeji au kwa kununua karatasi alikuwa amejichafua. Mjini Kigoma hali ilikuwa kinyume. Watu wale wale waliokimbia mwaka ule ule hawakutaka kuitwa wakimbizi. Walioana na wenyeji, walifanya biashara, walibadili majina walipoona inafaa, na ukiwauliza habari za asili yao walikupa jibu lililofaa siku hiyo. Kambi ilizaa taifa la watu waliohamishwa, na mji ukazaa watu walioikataa lugha yenyewe ya mataifa.

Hatuwezi kulipuuza hilo. Kabla ya Malkki, maandishi mengi yaliyowahusu wakimbizi yaliwaona kama tatizo la chakula, maji na magodoro. Yeye aliwaona kuwa ni watu wanaofikiri, tena wanaofikiri kihistoria na kidini, maana simulizi za Mishamo zimejaa Kutoka, utumwa wa Misri na jangwa. Wala hakukosea aliposema kwamba kambi ni mahali pa kisiasa. Chama cha Palipehutu kilianzishwa Mishamo mwaka 1980. Anayedhani kwamba watu huwekwa msituni miaka mingi wakalima tu, wasifikiri, akumbuke hilo.

Hata hivyo tunayo manung'uniko, na la kwanza ni hili. Mwandishi amezipanga simulizi za Mishamo kama mabamba, moja baada ya jingine, bila majina ya wasemaji. Tunafahamu kwamba ilimpasa kuwalinda. Lakini matokeo yake ni sauti moja. Mzee aliyeona wenziwe wakipakiwa kwenye malori, kijana aliyezaliwa njiani, mjane aliyelima shamba peke yake, wote wanasema kwa kinywa kimoja kana kwamba ni kwaya. Marc Sommers, katika kitabu chake Fear in Bongoland cha mwaka 2001, ameonyesha kwamba kwaya hiyo haikuwapo. Miongoni mwa Wahutu wa makazini kulikuwa na mgawanyiko mkali kati ya watu wa Imbo, yaani wa ukanda wa ziwa, na Wabanyaruguru wa milimani, na mgawanyiko huo uliwafuata hadi Dar es Salaam. Tena sauti inayosikika katika mabamba ya Malkki ni, kwa masikio yetu, sauti ya wanaume zaidi. Wanawake wa Mishamo walisema nini juu ya usafi? Hatuambiwi vya kutosha. Yeyote aliyefanya kazi ya uchungaji anajua kwamba habari za kuoana na wenyeji, ambazo ndizo zilizodaiwa kuleta uchafu, huamuliwa jikoni kabla hazijafika barazani.

Nung'uniko la pili linahusu mji. Msomaji hawezi kukosa kuona kwamba Malkki anaipenda Kigoma. Hasemi hivyo waziwazi, lakini uzito wa hoja yake umeelemea huko: watu wa mjini ndio walioepuka mtego wa taifa, ndio wenye nafsi nyingi, ndio huru. Sisi tunasita. Kigoma ni mahali pa pekee. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mtu wa Makamba na mtu wa Kasulu husikilizana bila mkalimani, na kabla ya mipaka ya wakoloni watu hao walioana na kubadilishana chumvi na ng'ombe. Mgeni kuwa mwenyeji pale hakuhitaji hila kubwa. Lakini mtazame kijana wa Sommers mjini Dar es Salaam. Ametoroka makazini bila kibali, anashona nguo mchana na kulala kibandani mwa kazi usiku. Akiulizwa kwao husema ni Kigoma. Anachunga kila silabi ya Kiswahili chake isije ikamsaliti. Anamwogopa askari, na anamwogopa Mrundi mwenzake zaidi ya askari. Huyo naye ana nafsi nyingi. Je, tumwite huru?

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Vijana wale walikuwa Wapentekoste, na kanisa lilikuwa ndilo lililowapokea na kuwatafutia kazi. Kanisa liliwaficha, na tunalisifu kwa hilo kama tunavyomsifu Rahabu. Lakini kanisa lililowazoea watu kwa kujificha kwao linaweza kufika mahali likaona kujificha ndiko kuwa mwenyeji. Tumesikia mara nyingi katika sharika zetu mtu akisifiwa hivi: "Huwezi hata kujua kuwa si wa hapa." Maneno hayo husemwa kwa upendo. Aliyesifiwa huyasikia kwa namna nyingine, kwamba siku ile watakapojua, sifa itakwisha.

Sasa tuirudie TCRS. Malkki anaiweka ndani ya mfumo mzima wa usimamizi wa kambi: vijiji vilivyonyooshwa kwa rula, hesabu za mavuno, mkuu wa makazi, na kibali cha kutoka ambacho mkimbizi alipaswa kuwa nacho ili avuke mpaka wa makazi. Tulipokisoma kitabu mara ya kwanza tulikasirika. Tuliona mwandishi hakutenda haki kwa visima, zahanati, barabara na shule ambazo Walutheri wa nchi nyingi walizigharimia. Leo hasira hiyo imepungua, na iliyoipunguza ni nakala moja ya kitabu hiki ambayo imepita katika mikono ya wanafunzi wengi. Pembeni mwa ukurasa unaoeleza vile vibali, mmoja wao ameandika kwa penseli, "Baba alikuwa nayo." Hakuandika zaidi. Hatujui ni nani, wala hatukutafuta kujua. Tulichojifunza ni kwamba katika darasa ambalo tulikuwa tukiwajadili "wao", mmoja wao alikuwa ameketi akiandika maelezo yetu daftarini.

Basi tuseme ukweli. Historia yetu ya diakonia imehesabu visima na haikuhesabu vibali. Visima vilikuwa vya kweli: Katumba na Mishamo zilifika mahali pa kulisha wengine kwa mahindi na maharage, na watu waliofika bila kitu walisimama. Vibali navyo vilikuwa vya kweli. Wakimbizi walikuwa na wenyeviti wao vijijini, lakini juu yao aliketi mkuu wa makazi ambaye hawakumchagua wala hawakuweza kumwondoa. Kazi ya huruma iliyomshibisha mtu ikamwacha bila sauti ni ya huruma bado, lakini imeishia nusu ya njia. Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala pia kwa mkono wa kushoto, kwa njia ya sheria na serikali. Nani basi alipaswa kuuliza, kwa niaba ya waliokuwa chini ya mkono huo, wao wenyewe wana nafasi gani katika utawala? Nadhani tulikuwa sisi, nasi tulikuwa tunachimba visima.

Nung'uniko la tatu si la haki kabisa kwa mwandishi, maana linatokana na mambo yaliyotokea baadaye. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Wakimbizi walikubaliana kuyafunga makazi ya zamani, na kila familia ikaulizwa: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania? Waliokuwamo makazini walikuwa zaidi ya 200,000. Karibu wanne katika kila watano walichagua uraia. Wale watu wa usafi, taifa lililokuwa likingoja kurudi, waliamua kubaki.

Wako wanaosema kwamba hapo Malkki ameanguka. Hatudhani hivyo. Kwanza, wengi wa walioulizwa mwaka 2007 walikuwa wamezaliwa makazini. Burundi waliijua kwa midomo ya baba zao. Pili, ardhi ya waliokimbia, hasa kule Rumonge na Nyanza-Lac, ilikuwa imekwisha kukaliwa na wengine. Tatu, Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na miaka ya vita ikafuata. Mtu anaweza kuihifadhi simulizi ya baba yake kwa ukamilifu na bado akachagua shamba la tumbaku la Mishamo kuliko kesi ya ardhi ya Makamba. Kosa la kitabu, kama ni kosa, ni kudhani kwamba anayekumbuka kwa nguvu atataka kurudi kwa nguvu. Kumbukumbu na makazi si kitu kimoja. Wayahudi wa Babeli waliolia kwa ajili ya Sayuni ndio hao hao ambao Yeremia, katika sura ya 29, aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia mema mji wa ugenini. Na wengi hawakurudi Koreshi alipoufungua mlango.

Lakini lililofuata ndilo linalotupa hoja yetu kuu. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba waombaji wapatao 162,000 wamekubaliwa kuwa raia. Walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, na hilo ni sharti la sheria yetu kwa kila anayeomba. Pamoja na hilo walitakiwa wahame. Hati zao hazingetolewa mpaka watawanywe katika mikoa mingine ya nchi, mbali na Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kwa miaka minne watu hao hawakuwa wakimbizi kamili wala raia kamili. Waliokuwa wakijenga nyumba waliacha, kwa kuwa hawakujua kama watalala humo. Mikoa iliyotakiwa kuwapokea haikuwa tayari, zoezi likasimamishwa mwaka 2011, na mwishowe, Oktoba 2014, Rais Kikwete alikabidhi hati za kwanza mjini Tabora na watu wakaruhusiwa kubaki walipo.

Tunaipongeza Tanzania kwa tendo ambalo nchi chache sana duniani zimethubutu kulitenda. Mwaka 1980 pia ilikuwa imewapa uraia wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000, na Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983. Lakini hatuna budi kulichunguza lile sharti la kutawanywa, kwa sababu lilikuwa na teolojia yake, na teolojia hiyo ilihubiriwa. Ilisema hivi: mgeni huwa mwenyeji anapoyeyuka. Kama chumvi ndani ya mchuzi, atawanywe hata asionekane. Waefeso 2:19 ilitumika kama muhuri. Sisi wenyewe tuliwahi kuhubiri hivyo katika ibada ya mkutano mmoja, na tunaona haya kuukumbuka muhtasari wake.

Maana Waefeso 2 haisemi hivyo. Neno sympolitai, raia pamoja, latajwa mara baada ya mtume kueleza jinsi ukuta wa kutenganisha ulivyobomolewa, na mabishano yote ya kizazi kile yalihusu kama Mmataifa lazima atahiriwe kwanza ndipo ahesabiwe kuwa wa nyumbani. Jibu lilikuwa hapana. Mmataifa aliingia akiwa Mmataifa. Kulitumia andiko hilo kumwambia mtu wa Mishamo ajifute ili akubaliwe ni kuurudisha mlangoni ule ule ukuta uliobomolewa.

Andiko ambalo tulipaswa kulihubiri wakati ule ni Ezekieli 47:21-23, na tunawaomba wanafunzi wa Agano la Kale walitazame tena. Nabii yuko uhamishoni. Anapewa ramani ya nchi mpya itakavyogawanywa kwa kura kati ya makabila. Katikati ya ramani hiyo linaingizwa agizo ambalo hatulikuti namna hiyo katika Torati: gerim, wageni wakaao kati ya watu na kuzaa watoto humo, wahesabiwe kama wazaliwa na wapewe urithi. Mambo ya Walawi 19 ilikuwa imekwisha kuagiza mgeni apendwe, na Hesabu 15 ilikuwa imemweka chini ya sheria moja na mwenyeji. Ezekieli anakwenda mbele zaidi na kumpa ardhi. Tena aya ya 23 inaonyesha ni wapi: katika kabila lile lile ambamo mgeni huyo anakaa. Haagizwi kuhama kwanza ili apewe. Kipimo cha nabii ni mahali ambapo watoto wamezaliwa. Twaona pia kwamba anayesema hivyo ni mtu aliyehamishwa kwa nguvu, ambaye angeweza kwa urahisi kuuota mji wa watu wake peke yao.

Kuna jambo lingine ambalo Malkki hakuweza kuliona mwaka 1986, na ambalo sharika zetu zinaliona sasa. Uraia wa tajinisi ni uraia, lakini haujawa sawa na ule wa kuzaliwa. Katiba inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa, hilo tunalielewa. Zito zaidi ni kwamba aliyepewa uraia kwa hati anaweza kunyang'anywa kwa sababu ambazo haziwezi kumfikia aliyezaliwa nao. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo watu waliokuwa wameishi nchini kwa miongo kadhaa. Mtu mwenye hati ya 2014 aliyeyaona hayo hawezi kuitazama karatasi yake kama tunavyozitazama zetu. Matendo ya Mitume 22 ina mazungumzo mafupi juu ya tofauti hiyo hiyo: jemadari aliyeununua uraia wa Rumi kwa mali nyingi, na Paulo aliyezaliwa nao. Wafafanuzi wengi hulipita haraka. Msharika wa Katumba hatalipita haraka.

Ndiyo sababu hatukubali kitabu cha Malkki kiondolewe katika orodha ya masomo kwa madai kwamba kimepitwa na wakati. Kisomwe pamoja na Sommers, na kisianzwe kwa mlango wa nadharia, ambao huwavutia wanafunzi kwa maneno makubwa na kuwaacha hapo. Kianzwe kwa simulizi za Mishamo zenyewe, zisomwe kwa sauti darasani, kisha liulizwe swali ambalo mwandishi hakuuliza: mtu mwenye simulizi kama hii akichaguliwa kuwa mzee wa kanisa katika usharika wa wenyeji, atairuhusu itoke kinywani? Tumekwisha kuona wazee wa namna hiyo wakichaguliwa. Wanasimamia sadaka, wanahesabu kura za wenzao, wanafundisha kipaimara. Katika ibada za kumbukumbu ya marehemu huombea kila mtu, na wakifika kwa wafu wao wa 1972 hunyamaza kidogo, kisha huendelea na tangazo linalofuata.

Kazi ya shahada ambayo tungependa kuiona ikiandikwa ni ya wanawake wa makazi hayo, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kabla hawajatutoka waliovuka mto Malagarasi wakiwa watu wazima. Wako wachache sasa.